Handel, Iritungu na Simu ya Mkononi

Hapa Ntimaru, mpenzi wa Handel humpata mwenzake kwenye kwaya ya kanisa. Anayefuata huenda yuko Nairobi, au ng'ambo ya mpaka, Tarime. Ndiyo maana tulifungua kundi la WhatsApp.

Kwanza ilibidi tukubaliane muziki wenyewe ni upi. Wengine walitaka wa Ulaya peke yake: Bach, Mozart, na Handel, ambaye "Messiah" yake ya 1741 wengi wetu tuliijua kwa solfa, do-re-mi za ubaoni, kabla ya kuona nota hata moja. Mimi nikashikilia kwamba iritungu nalo liingie. Kinubi hicho cha Wakuria kina nyuzi 8 na mlio mzito, na kijana hujifunza kwa kukaa karibu na mzee anayekijua. Hoja yangu ilipita, ingawa mwimba besi mmoja bado ananuna.

Anayetuma wimbo ataje mtunzi au mpigaji, kisha atuambie tusikilize nini: pale sauti za tenor zinapozijibu za soprano, au uzi unaorudiwarudiwa chini ya sauti ya mwimbaji. Kusema "wimbo mtamu" hakutoshi. Rekodi iwe fupi, maana data ni pesa, na itumwe kama dokumenti isipoteze ubora. Siasa hapana. Ubishi ruksa, na upo tele: juzi watu walikesha wakigombania kasi ya "Hallelujah" ya Handel. Kwaya zetu huikimbiza mno, na nitalisema hilo hata siku ya Pasaka.