Mwanagenzi katika Mashindano ya Poka

Mwaka 2003, katika mji wa Las Vegas huko Marekani, mhasibu mmoja kijana kutoka jimbo la Tennessee, jina lake Chris Moneymaker, aliwapiku watu 838 katika mashindano makuu ya poka ya dunia, ambayo ada yake ya kuingia ni dola 10,000, akaondoka na dola milioni mbili na nusu. Na ada hiyo hakuitoa mfukoni mwake, kwani nafasi aliipata kwa kushinda mashindano madogo ya intaneti yaliyokuwa na kiingilio kisichofika dola mia. Habari ile ilienea upesi, hata ilipofika mwaka 2006 walioingia katika mashindano hayo walikuwa 8,773. Wengi katika hao walikuja na fundisho moja tu moyoni, kwamba mtu asiye na sifa yoyote aweza kutajirika kwa muda wa siku chache. Na kwa maoni yangu hilo ndilo fundisho baya kuliko yote ambayo mwanagenzi angeweza kulipata katika kisa kile. Kwani mwaka ule ule wa 2003, katika meza ya mwisho, alikuwapo Dan Harrington, bingwa wa mwaka 1995, akatoka wa tatu; na mwaka uliofuata, washindani walipokuwa 2,576, akatoka wa nne. Bahati yaweza kumbeba mtu yeyote mara moja, lakini kumfikisha mtu yule yule miongoni mwa wanne wa mwisho miaka miwili mfululizo, katikati ya umati kama ule, ni kazi ambayo bahati peke yake haiiwezi. Anayetaka kujifunza na amtazame Harrington.

Lazima niseme waziwazi kwamba kamari ni haramu kwa Waislamu, wala sikusudii kumshawishi mtu aihalifu dini yake. Hata hivyo mashindano yaweza kuchezwa kwa kete tupu, bila senti moja kuwekwa mezani, na maarifa yapatikanayo humo ni yale yale. Na kwa yule ambaye dini yake na sheria ya nchi yake hazimzuii kuweka fedha, mashindano yana kinga yake ndani: kiingilio kikishalipwa, hasara haiwezi kukizidi, maadam mchezaji amechagua mashindano ambayo aliyetolewa hana ruhusa ya kulipa tena na kurudi.

Poka ichezwayo sana siku hizi ni ile ya Texas. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote, tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, na katika kila hatua watu huweka dau, au huongeza, au huzitupa karata zao wakajitoa. Wachezaji wawili kwa zamu hulazimishwa kutoa dau kabla hawajaziona karata zao, mmoja dogo na mwingine kubwa, ili pawe na kitu cha kugombewa. Katika mashindano wote huanza na kete sawasawa, na madau hayo ya lazima hupandishwa kila baada ya muda maalumu. Na hapo ndipo penye siri ya mchezo wote. Aliye na kete 10,000 wakati dau dogo ni 50 na kubwa ni 100 anaweza kukaa kwa utulivu, akazitupa karata mbovu saa nzima bila dhara kubwa. Lakini madau yakifika 500 na 1,000, kete zile zile 10,000 hazimfikishi hata mizunguko saba ya meza, naye asipoamka atakwisha pole pole huku akidhani kwamba anafanya subira. Harrington, katika kitabu alichokiandika pamoja na Bill Robertie, aliwafundisha watu kuzipima kete kwa mizunguko waliyobakiwa nayo, wala si kwa wingi wake machoni. Mwanagenzi akiishika hesabu hiyo moja tu, tayari amewatangulia wengi wanaokaa naye.

Mwanzoni, kosa la wengi ni kucheza karata nyingi mno. Ree mbili humjia mtu mara moja katika 221 kwa wastani, na karata nyingi zilizobaki hazistahili hata dau la kwanza, hususan kwa anayelazimika kusema mapema kabla ya wenzake. Anayesema mwisho amekwisha kusikia nia za wote, na kwa hiyo aweza kucheza kwa upana zaidi. Na ukizitupa karata zako usitazame dari. Tazama nani ameongeza dau, kwa kiasi gani, na mwisho alifunua nini.

Lakini jambo lililo gumu kuliko yote ni kutenganisha uamuzi na matokeo yake. Tuseme unazo saba na nane za shupaza, na katika karata nne zilizokwisha kufunuliwa mna shupaza mbili, hata wahitaji moja tu upate tano za namna moja. Mezani pana kete 300, na mwenzako, ambaye dhahiri ana karata njema kuliko zako, anaweka 300. Watakiwa kulipa 300 ili upate 600, na malipo hayo hayana faida illa ukiwa na hakika ya kushinda walau mara moja katika tatu. Karata usizoziona ni 46, na shupaza zilizobaki humo ni tisa; hazifiki hata moja katika tano. Basi unajitoa. Kisha, ingawa mchezo umekwisha, karata ya mwisho inafunuliwa kwa udadisi tu, nayo ni shupaza, na moyo unakuuma kana kwamba umeibiwa. Hukuibiwa: uliamua vema, na ukiamua hivyo hivyo mara mia utakuwa umehifadhi kete nyingi. Kadhalika mwenye ree mbili akiweka kete zake zote dhidi ya mwenye wazungu wa nne wawili atashindwa takriban mara moja katika kila sita, na siku hiyo ikimfika katika mashindano hutoka na kwenda nyumbani, wala hana la kusahihisha.

Kwa ajili hiyo shindano moja halimfundishi mtu kitu, na mashindano makubwa ya ada kubwa humfundisha hata pungufu ya hapo, maana hofu ya fedha huifunga akili. Bora aingie mengi madogo, ya namna moja, kwa kiingilio ambacho akikipoteza hatakosa kodi wala chakula cha watoto. Na ajue pia kwamba karibu na mpaka wa zawadi, wanapobaki kumi na watatu na wanaolipwa ni kumi na wawili, thamani ya kete hugeuka: kuziongeza maradufu hakuongezi maradufu tumaini lako la zawadi, kwa kuwa anayezikusanya zote mwisho halipwi fedha zote, lakini kuzipoteza kunakutoa mikono mitupu. Hapo mwenye kete za wastani ana haki ya kumwogopa mwenye nyingi, na mwenye nyingi ana haki ya kumsukuma kila mtu.

Mwanagenzi na awe na daftari, na aandike usiku ule ule, kabla kumbukumbu haijaanza kumtetea: alikuwa na kete ngapi, madau yalikuwa kiasi gani, nani alisema kwanza, na kwa nini yeye aliamua alivyoamua. Kisha ampelekee rafiki anayemzidi maarifa, amsomee mchezo mpaka pale alipotakiwa kuamua, amwulize, "Wewe ungefanyaje?", na asimwambie ni karata gani iliyofunuliwa baadaye mpaka rafiki amekwisha kujibu na kutoa hoja zake.