Je, Wajua? Sheria Zilizoanzia Majimboni

Je, wajua kwamba nchini Marekani sheria nyingi zinazomlinda raia dhidi ya moshi, sumu na bidhaa za kumnyonya hazikuanzia Washington? Zilianzia kwenye mabunge ya majimbo, au kwenye masanduku ya kura, baada ya watu wa kawaida kukusanya saini, kugonga milango ya waheshimiwa na kung'ang'ania vikao vya kamati mpaka wasikilizwe.

Je, wajua kwamba Julai 1943 Los Angeles ilifunikwa na ukungu uliochoma watu macho na koo, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa vita, wapo waliodhani Wajapani wamerusha gesi ya sumu? Miaka michache baadaye mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha chanzo chake: moshi wa magari na wa viwanda vya mafuta, ukipigwa na jua kali. Mwaka 1966 California ikawa jimbo la kwanza kuweka viwango vya moshi wa magari. Sheria ya taifa ilipokuja, iliiachia California nafasi ya kuomba kibali cha kuweka masharti makali zaidi, na tangu 1977 majimbo mengine yanaruhusiwa kuyafuata masharti hayo. Soko la California ni kubwa mno, na hakuna kampuni ya magari inayothubutu kulipuuza. Ndiyo maana vita juu ya kibali hicho haviishi. Juni 2025 Rais Trump alitia saini azimio la kufuta kibali cha jimbo hilo kusitisha uuzaji wa magari mapya ya petroli ifikapo 2035. California ikaenda mahakamani siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanafunzi wa vyuo vya Oregon na Minnesota, wakihamasishwa na mtetezi wa walaji Ralph Nader, walikubali kuchangia ada ndogo ili waajiri wanasheria na watafiti wao wenyewe? Kutoka hapo vikundi vya aina hiyo vikaenea jimbo baada ya jimbo.

Oregon hiyohiyo, mwaka 1971, ilipitisha sheria ya kwanza Marekani ya amana ya chupa: unalipa senti 5 juu ya bei ya soda au bia, ukirudisha chupa au kopo tupu unarudishiwa zako. Aliyewahi kutumwa dukani na chupa tupu mkononi anaujua utaratibu huu. Ninachokipenda zaidi kilikuja baadaye: wabunge waliandika kwamba marejesho yakishuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana ipande yenyewe. Yalishuka, na Aprili 2017 amana ikawa senti 10.

Je, wajua kwamba kwenye mifuko ya plastiki Afrika Mashariki ilitangulia? Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008. California ilipitisha sheria yake mwaka 2014, watengenezaji wa mifuko wakakusanya saini kuizuia, na wananchi wakaiokoa kwa kura ya maoni Novemba 2016. Hata hivyo sheria iliruhusu mifuko minene, na maduka yakaigawa kwa wingi. Mwanya huo ulizibwa kwa sheria ya 2024, iliyoanza kutumika Januari 2026.

Je, wajua kwamba Hawaii ndilo jimbo la kwanza lililojifunga kisheria, mwaka 2015, kwamba umeme wake wote utoke kwenye nishati jadidifu ifikapo 2045?

Na je, wajua habari za Amara Strande? Alisoma katika kitongoji cha Minnesota ambako maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamechafuliwa kwa PFAS, zile kemikali zinazoitwa za milele kwa kuwa haziozi. Akaugua saratani adimu ya ini. Badala ya kujifungia na maumivu yake, alikwenda tena na tena mbele ya kamati za bunge la jimbo, mwili umedhoofika, akiwaomba wabunge waziondoe kemikali hizo kwenye bidhaa za nyumbani. Alifariki Aprili 2023, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 21. Mwezi uliofuata sheria ikatiwa saini, nayo inabeba jina lake. Tangu Januari 2025 Minnesota haiuzi vikaango, mazulia, vipodozi wala nyuzi za kusafishia meno zilizotiwa PFAS kwa makusudi.

Je, wajua kwamba trekta linaweza kumgomea mwenyewe? La kisasa likileta hitilafu wakati wa mavuno, mara nyingi mkulima alilazimika kumsubiri fundi wa kampuni, kwa sababu programu ya kulifungulia ilikuwa mikononi mwa kampuni peke yake. Colorado ilianza na watumiaji wa viti vya magurudumu vya umeme mwaka 2022, ikawapa haki ya kupata vipuri na maelekezo ya ukarabati. Mwaka 2023 ikawapa wakulima haki hiyohiyo.

Je, wajua kwamba vijana 16 waliishinda Montana mahakamani? Walipofungua kesi mwaka 2020, mdogo wao alikuwa na miaka 2. Katiba ya jimbo ya 1972 inampa raia haki ya mazingira safi na yenye afya, ilhali sheria iliwakataza maofisa kuzingatia gesi joto wanapotoa vibali vya miradi. Agosti 2023 Jaji Kathy Seeley aliitupa sheria hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Montana ikaunga mkono hukumu yake.

Mwisho, Vermont. Julai 2023 mafuriko yaliujaza maji mji mkuu, Montpelier. Mei 2024 jimbo hilo dogo likawa la kwanza kutunga sheria ya kuyatoza makampuni makubwa ya mafuta na makaa ya mawe gharama za madhara ya tabianchi. New York ikafuata Desemba, ikilenga dola bilioni 75. Mei 2025 serikali ya shirikisho ikayashtaki majimbo yote mawili.