Kauri 31 za Mmisionari: Barua, Telegramu au Jarida?

Tuseme wewe ni mmisionari wa CMS (Church Missionary Society) pale Mengo, Uganda, mwaka 1896. Fedha unayoshika kila siku ni kauri. Huko Uingereza wapo wanaochangia kazi yako, nao wanataka habari. Utawafikia kwa njia ipi?

Barua ndiyo nafuu. Mwaka uliopita mmisionari mwenzako, Ernest Millar, alichapa stempu za kwanza za Uganda kwa taipureta yake, za kauri 5 hadi 60, wakati rupia moja ni kauri 200. Hizo ni za ndani. Ili ivuke bahari, barua hubandikwa stempu ya pwani ya ana mbili na nusu, yaani kama kauri 31. Bei hiyo haiumizi. Kinachoumiza ni kungoja. Reli itafika Kisumu Desemba 1901. Kwa sasa barua inakwenda kwa miguu hadi Mombasa, ndipo ipande meli.

Telegramu inavutia zaidi. Waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, na Mombasa mwaka 1890. Unalipia kila neno, ndiyo maana wabanaji matumizi hununua vitabu vya fumbo kama ABC cha mwaka 1873, ambamo neno moja hubeba sentensi nzima. Lakini kabla ya kulipa, kumbuka yaliyompata Askofu Hannington. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na London ikapata habari mwaka 1886. Kutoka pwani habari huruka. Kutoka bara hadi pwani ni miguu ile ile ya tarishi. Kwa mtu wa Mengo, huko ni kulipia mbio za nusu ya safari.

Linganisha na barua iliyoandikwa ili ichapwe jaridani. Stempu ni ile ile, wasomaji ni maelfu. Jarida la CMS, Church Missionary Intelligencer, lilianza mwaka 1849 na mara moja likatoa habari za mmisionari Rebmann kuuona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mwanajiografia Cooley alikataa katakata kwamba kuna theluji karibu na ikweta, na ubishi huo ukaitangaza misheni bure. UMCA (Universities' Mission to Central Africa) nao wana jarida lao, Central Africa, tangu 1883. Barua ambayo mvumbuzi Stanley aliiandika akiwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, iliyotoka katika Daily Telegraph Novemba 1875, ilimfanya mtu mmoja asiyetaka kutajwa aahidi pauni 5,000 kwa ajili ya misheni ya Uganda ndani ya siku chache. Stanley hata mmisionari hakuwa!

Kasoro ya jarida ni mkasi wa mhariri. Ugomvi wenu wa ndani na malalamiko ya posho hayatapita, kwa hiyo hayo mwandikie mama yako.

Kama una kauri 31 tu, tuma barua ya kuchapwa. Telegramu mwachie aliye Mombasa au Zanzibar, tena kwa msiba au dharura.