Mapambo ya Lesi kwa Krismasi: Kitambaa Kinaondoka, Uzi Unabaki

Vikundi vingi vya akina mama na vijana vina cherehani mbili tatu. Msimu wa kushona sare za shule, cherehani hizo hazipumziki. Miezi mingine hufunikwa na kukaa tu. Hapa tunaeleza kazi moja inayoweza kufanywa na cherehani hizo hizo, hata ile ya kukanyaga kwa miguu: kudarizi mapambo madogo ya lesi ya kuning'iniza kwenye mti wa Krismasi au dirishani.

Kazi hii haitaki nguvu nyingi. Inataka mkono mtulivu, mwanga mzuri na hesabu. Tutaeleza pia mahali ambapo kikundi kinaweza kula hasara, maana kuna mahali pawili: ndani ya maji na kwenye bei.

LESI HII NI YA NAMNA GANI?

Kwa kawaida tunadarizi ua juu ya kitambaa, na kitambaa ndicho kinachoshikilia uzi. Lesi hii ni tofauti. Tunadarizi juu ya kitu ambacho baadaye kitaondolewa chote, ubaki uzi peke yake.

Mbinu hii ni ya zamani. Katika karne ya 19, viwanda vya Plauen huko Ujerumani na St. Gallen huko Uswisi vilidarizi kwa mashine juu ya hariri, kisha vikaiyeyusha hariri kwa dawa kali na kubakiza uzi wa pamba. Lesi ya Plauen ilipata tuzo kuu katika maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, na mpaka leo mji huo unajulikana kwa mapambo ya lesi ya Krismasi. Zile dawa kali tusizijaribu nyumbani. Zinaunguza ngozi na macho. Siku hizi kuna karatasi maalum inayoyeyuka kwa maji matupu. Ulizeni kwa wauzaji wa vifaa vya kudarizi.

VIFAA

- Cherehani iliyosafishwa na kutiwa mafuta. Shoneni kwanza juu ya kitambaa kikuukuu mpaka mafuta yasitoke tena.
- Sindano mpya namba 12 au 14. Sindano butu hupasua karatasi.
- Uzi wa polista au wa kudarizi. Uzi wa juu na wa bobini uwe rangi moja, kwa sababu pambo huonekana pande zote mbili.
- Fremu ya duara ya kudarizia.
- Karatasi ya kuyeyuka, ile nzito. Ikiwa ni nyembamba, tumieni mikunjo miwili au zaidi.
- Makasi madogo yenye ncha kali.

Karatasi hii ni adui wa unyevu. Mkono wenye jasho unatosha kuilainisha. Ihifadhini katika mkebe mkavu wenye kifuniko kinachobana, hasa wakati wa mvua. Vipande vinavyobaki msitupe, tutaona kazi yake.

Uzi mwekundu na wa kijani jaribuni mapema. Lowesheni kipande katika maji ya uvuguvugu, kisha kibanieni ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, uzi huo haufai kuchanganywa na mweupe.

KUTAYARISHA CHEREHANI

Toeni mguu unaokandamiza kitambaa. Yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa yashusheni. Baadhi ya cherehani zina skrubu au kitufe cha kuyashusha. Kama yako haina, yafunike kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la kupitishia sindano. Sasa cherehani haitasukuma kitu. Ni mikono yako itakayopeleka fremu mbele, nyuma na kando.

Hapa ndipo wengi hukwama: hata kama mguu umetolewa, ule wenzo wa kuuteremshia lazima ushushwe kabla ya kushona. Usiposhushwa, uzi wa juu haukazwi, na chini mtakuta fundo kubwa kama kiota cha ndege.

Kanyageni kwa mwendo mmoja na kusogeza fremu polepole. Fremu ikikimbia kuliko sindano, mishono inakuwa mirefu na sindano inaweza kuvunjika. Vidole vikae pembeni mwa fremu. Anayeanza afanye mazoezi siku kadhaa juu ya kitambaa cha kawaida kabla ya kugusa karatasi.

HATUA KWA HATUA

1. Chora nyota, kengele au njiwa mwenye upana wa sentimita 8 hivi. Mchoro rahisi ndio mzuri. Tumia kalamu ambayo wino wake unatoka kwa maji. Biro hapana, itachafua uzi.

2. Tandika karatasi juu ya duara kubwa la fremu, kisha ingiza duara dogo ndani yake. Kwa njia hii karatasi italala chini kabisa juu ya cherehani. Ikaze kama ngozi ya ngoma.

3. Shona mstari wa nje wa mchoro mara mbili au tatu.

4. Jaza ndani kwa mistari iliyoachana milimita 3 au 4. Kila mstari uanzie kwenye mstari wa nje na uishie kwenye mstari wa nje wa upande wa pili, ukiuvuka kidogo. Kisha shona mistari mingine ya kukata ile ya kwanza, mpaka upate wavu.

5. Pita tena juu ya wavu huo, ili pale mistari inapokutana mishono ifungane.

6. Sasa ongeza urembo: maua, majani, miale ya nyota.

7. Malizia ukingo kwa mishono midogo ya kwenda na kurudi, iliyosongamana, au kwa zigizaga kama cherehani inayo. Kitanzi cha kuning'iniza nacho kifungwe kwenye ukingo.

JARIBIO LA MWANGA

Kabla ya maji, inua fremu dirishani. Fuata kila mstari kwa ncha ya sindano na uulize: huu umeshikwa na nani? Ua lililokaa peke yake katikati, bila kugusa wavu, litaelea majini na kuondoka. Kasoro ikionekana hapa, dakika mbili zinatosha kuirekebisha. Ikionekana ndani ya beseni, kazi ya saa nzima imekwenda.

Wenye mashine za kompyuta nao wasidhani wameponea. Mchoro uliopangwa kwa ajili ya kitambaa haufai kwa lesi hii. Lazima uwe umepangwa tangu mwanzo ili uzi ushikane na uzi.

KUOSHA NA KUKAUSHA

Kata karatasi iliyozidi, ukiangalia usikate uzi. Tumbukiza pambo katika maji ya uvuguvugu na ulitikise taratibu. Usioshe mpaka utelezi wote uishe. Ule unaobaki ndio unaokausha pambo likawa gumu na kusimama vizuri. Likilegea, yeyusha vile vipande vya karatasi mlivyohifadhi katika maji kidogo, ulichovye humo. Litandaze juu ya taulo safi, linyooshe kwa pini na liache likauke kivulini.

MSIPOPATA KARATASI

Darizini juu ya neti nyepesi kwa namna ile ile, kisha mkate kuzunguka ukingo. Neti itabaki ndani, lakini kwa mbali haionekani sana. Ikaushieni na uji mwepesi wa wanga wa muhogo. Mapambo ya wanga yahifadhiwe vizuri, kwa maana wadudu huyapenda.

BEI: MSIUZE JASHO BURE

Tuchukue mfano tu. Nyinyi wekeni bei za kwenu.

Karatasi: sh. 20
Uzi: sh. 12
Sindano na mafuta: sh. 3
Utepe na pakiti: sh. 10
Jumla ya vifaa: sh. 45
Kazi, dakika 45 kwa sh. 80 kwa saa: sh. 60
Jumla yote: sh. 105

Kikundi kikiuza kwa sh. 120, kinabaki na sh. 15 za mfuko wake. Sasa mteja anasema, "Kitu kidogo hivi? Chukua 50." Mkikubali, aliyeshona amepata shilingi 5 kwa dakika 45, na kikundi hakina hata ya sindano mpya. Afadhali mpunguze ukubwa wa pambo au mfanye mchoro mwepesi zaidi, kuliko kumpunguzia mwenzenu malipo. Na vile vilivyoharibika majini viandikwe pia, maana navyo vimekula vifaa.

Msianze kwa kutengeneza mia moja. Tengenezeni sampuli sita, muwaonyeshe wenye maduka ya kazi za mikono, hoteli na makanisa mapema, kufikia Juni au Julai. Anayeleta pambo Desemba 20 hukuta wengine wameshanunua.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nani kati yetu ana mkono mtulivu, na nani ana mdomo wa kuuza? Tutagawaje kazi na malipo?
2. Nani atafanya jaribio la mwanga? Inafaa asiwe yule aliyeshona.
3. Saa moja ya kazi yetu ni shilingi ngapi? Tukubaliane na tuiandike kitabuni kabla mteja hajafika.