Madirisha Wazi Katikati ya Theluji

Mgeni kutoka nchi za joto afikapo Ulaya ya Kaskazini mwezi wa Januari hustaajabu kuona gari likipita katika theluji, dereva amevaa kofia ya manyoya, na madirisha yako wazi. Hudhani mtu huyo ana wazimu. La, hana.

Sababu ya kwanza ni pumzi. Watu wanne wakifungiwa garini hutoa mvuke, nao ukigusa kioo baridi hugeuka ukungu. Hata dereva wa Kabale au Limuru aijua taabu hiyo ya kufuta kioo kwa kitambaa asubuhi ya mvua. Hewa ya majira ya baridi ina unyevu mdogo mno. Ikiingia kidogo, kioo hukauka.

Ya pili ni gesi ya kaboni monoksidi itokayo katika injini, isiyo na rangi wala harufu. Bomba la moshi likitoboka huweza kupenya ndani, na watoto waliolala kiti cha nyuma wakadhaniwa wamechoka tu. Kwa gari lililokwama huku theluji imeziba bomba hilo, dirisha wazi halitoshi: ni lazima injini izimwe.

Lakini wako wafunguao madirisha ili wapate njia ya kutokea. Huko Minnesota, Marekani, watu huendesha magari juu ya maziwa yaliyoganda, nao hushauriwa kushusha vioo na kufungua mikanda ya usalama. Gari likizama, maji hukandamiza mlango hata mtu mwenye nguvu asiweze kuusukuma. Katika Estonia, baridi inapokuwa kali vya kutosha, hufunguliwa barabara ya barafu baharini hadi kisiwa cha Hiiumaa, yapata kilomita 25. Humo kufunga mkanda ni marufuku.

Askari wa Kisovieti waliyajua hayo mapema. Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani mwaka 1941, chakula kilipitishwa juu ya barafu ya ziwa Ladoga. Malori ya kwanza yalivuka tarehe 22 Novemba, barafu ikiwa bado nyembamba, hata mizigo ikapunguzwa. Madereva wengi waliendesha milango ikiwa wazi, na wengine waliing'oa kabisa, wapate kuruka barafu ipasukapo. Baadhi yao hawakuwahi. Njia hiyo ilitumika hadi Aprili 1942, na malori yaliyoleta unga yalirudi yamepakia wanawake, wazee na watoto.