MLETA MGENI NDIYE MWENYE DHAMANA

Waswahili tuna msemo ambao hata mtoto wa chuoni anaujua: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kuwa mgeni akipiga hodi, chunguni hutiwa kitoweo ambacho jana hakikuwamo, na watu wa nyumba nao hupona kwa sababu yake. Tena tuna wa pili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Itie misemo hii miwili katika mizani moja, msomaji wangu, utaiona sheria nzima ya ugeni katika mwambao wetu. Mwenyeji ana wajibu wake na mgeni ana wajibu wake.

Lakini misemo hiyo ilitungwa zama ambazo mgeni alikuja mwenyewe, kwa jahazi la kaskazi au kwa miguu yake, akauliza nyumba ya fulani iko wapi. Mgeni wa leo haji, huletwa. Hununua safari yake akiwa kwao, kabla hajauona mnazi, na kati yake na sisi yuko mtu wa tatu, naye ni kampuni ya kutembeza watalii. Huyo wa tatu ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo. Lawama zetu nyingi tumezoea kumtwika mtalii aliyepita mtaani nusu uchi, au nahodha aliyeivunja sheria ya bahari, ilhali jambo lenyewe liliharibika mapema, pale ofisini tikiti ilipouzwa.

Nitaeleza nililoliona kwa macho yangu. Kaskazi iliyopita nilikwenda Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Bahari ilikuwa shwari kama maji ya birika. Gatini palikuwa na watalii walioletwa kwa magari kutoka mahoteli ya Diani, na kijana wa kampuni akiwagawa vyomboni huku akiwaambia kwa sauti kubwa kwamba pomboo watawaona, tena karibu, bila shaka yoyote. Nilipata nafasi katika boti ya nahodha mmoja mzee, mtu wa mvi na maneno machache.

Tulikipita kisiwa cha Wasini, tukashika njia ya hifadhi ya Kisite na Mpunguti, bahari ambayo serikali iliitenga tangu miaka ya 1970 ili matumbawe na samaki wapate pa kupumulia. Haukupita muda tukawaona pomboo, wapatao saba, na kati yao mama na mtoto wake ubavuni. Nahodha wetu akapunguza mashine, akakaa kando, mbali kidogo, akaacha chombo kielee. Boti nyingine tatu zikaja mbio. Moja ikakata katikati ya kundi, watu wakipiga kelele na kuinua simu zao kupiga picha. Wale pomboo wakazama mara moja, hatukuwaona tena.

Sasa sikiliza kioja. Wageni wetu waliteta. Walisema wamelipa wawaone pomboo karibu, na mbona wenzao wa boti ile waliwakaribia? Waliporudi gatini walimshitaki nahodha kwa yule kijana wa kampuni, na bakshishi haikutoka hata senti. Mimi nililala Shimoni usiku ule. Asubuhi nikamkuta mzee barazani kwake anashona wavu, na boti imekwenda na nahodha mwingine. Nikamwuliza kulikoni. Akanijibu bila hasira:

"Sheikh wangu, bahari naijua tangu utoto. Lakini chombo si changu, na ahadi si yangu."

Maneno hayo nimerudi nayo Mombasa na hayajanitoka. Nahodha aliitimiza sheria, akaadhibiwa kwa kuitimiza, na aliyemwadhibu ndiye aliyeuza ahadi isiyouzika. Nani awezaye kumwahidi mtu mnyama wa baharini? Mvuvi mwenyewe akitoka alfajiri husema tutaona leo riziki iko wapi.

Wengine watasema, pomboo ni samaki tu, akikimbizwa atarudi. Si samaki. Ni mnyama anayevuta pumzi kama sisi na kunyonyesha kama sisi. Mama hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humlea kwa muda mrefu hata pengine ipite miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Usingizi wake ni wa nusu ubongo, nusu nyingine ikikesha ili apande juu kuvuta pumzi. Boti nne zikimwandama tangu asubuhi hadi adhuhuri, siku baada ya siku, atalala saa ngapi, na mtoto atanyonya saa ngapi?

Jirani zetu wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wana somo lao katika jambo hili. Hadi miaka ya 1990 pomboo waliuawa kule ili nyama yao iwe chambo cha kuvulia papa. Watalii walipoanza kufika, wavuvi wakatambua kuwa pomboo aliyekufa ni chambo cha siku moja, na aliye hai huleta riziki kila siku. Wakaacha kuwaua. Hapo utalii ulifanya jema kubwa, na tulikiri. Lakini baadaye boti zikawa nyingi, watu wakawa wanajitosa majini juu ya pomboo, na wataalamu waliofanya uchunguzi huko walikuta kwamba pomboo wanaoandamwa na boti hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, wakawa ni watu wa kuhamahama. Mkono uliomwokoa ndio uliorudi kumsumbua.

Basi kampuni ifanye nini? Kwanza iache kuuza ahadi. Iuze safari ya baharini, na pomboo wakionekana iwe ni fadhila. Pili, imwandikie nahodha masharti na imlinde anapoyafuata: asiende kasi karibu nao, asiwakate njia, asiwatenge mama na mtoto, na akikuta boti nyingine zimeshawazunguka angoje au aende zake. Tatu, mgeni aambiwe haya akiwa bado hotelini, kabla hajapanda gari. Aliyeambiwa mapema hateti. Huona fahari kuwa amepelekwa na watu wanaojua kazi yao. Anayeambiwa kule majini hudhani anapunjwa.

Vivyo hivyo kwa matumbawe. Tumbawe ni kiumbe hai, na lile la mviringo hukua kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka. Nanga moja ikitupwa vibaya huvunja kwa dakika kazi ya umri wa mtu mzima. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Joto hilo nahodha wa Shimoni hana uwezo nalo. Lakini nanga anayo mkononi, na mguu wa mgeni unaokanyaga mwamba maji yakipwa unaweza kuzuiwa. Kampuni ilipie maboya ya kufungia vyombo, ihakikishe yanatunzwa, na isimpeleke majini asiyejua kuogelea bila mtu wa kumshika, maana ndiye asimamaye juu ya tumbawe akitafuta pumzi.

Tuje nchi kavu. Pale Wasini kuna mahali pa ajabu, miamba ya matumbawe ya kale iliyosimama katikati ya mikoko, bahari ikiifunika nyakati za bamvua na kuiacha wazi inapokupwa. Akina mama wa kisiwa walijiunga kikundi, wakajenga njia ya mbao juu ya matope, na hutoza kiingilio kidogo. Fedha hizo ni zao. Ng'ambo ya pili, Shimoni kwenyewe, liko pango lililoupa mji jina, ambalo masimulizi ya wenyeji yanasema watumwa walifungiwa humo kabla ya kuvushwa, nalo pia wanakijiji hulionyesha kwa kiingilio. Safari ya kampuni moja huyaingiza mambo haya katika bei na katika saa za safari. Safari ya kampuni nyingine huyapita mbio, ikawalisha wageni kaa na wali, ikawarudisha garini. Wote wawili wametoka hoteli moja, wamelipa karibu bei moja. Ila wa kwanza ameacha kitu mkononi mwa mama wa Wasini, na wa pili ameacha chupa tupu.

Hapa ndipo penye roho ya msemo wetu. Mwenyeji apone! Sehemu kubwa ya fedha ya mtalii aliyenunua kila kitu kwao hubaki huko huko, kwa wenye ndege na mawakala. Kinachofika pwani ni kidogo, na kifikacho kijijini ni kidogo zaidi. Kwa hiyo kampuni inayosema inaipenda pwani na ionyeshe daftari lake. Samaki wamenunuliwa kwa mvuvi gani, na kwa bei gani? Kamba waliopikwa walikuwa wamekomaa, au ni wachanga? Anayeonyesha mji ni mtoto wa mji? Na mishahara hulipwa mwisho wa mwezi, au huambiwa subirini msimu?

Liko na suala la adabu. Wasini, kama Lamu, ni mji wa watu wanaosali, na wanawake wake hujisitiri. Mgeni anayepita katikati ya nyumba kwa nguo za kuogea aghalabu si mtu mwovu, hakuambiwa. Kanga moja ya kujifunika ingetosha, na kampuni ingeweza kuweka kanga kumi ndani ya boti. Kupiga picha ya mtu ni kwa idhini yake. Na peremende wanazotupiwa watoto si ukarimu, bali humfunza mtoto kuacha kitabu na kukimbilia gati. Mwenye kutaka kusaidia apelekwe kwa mwalimu wa shule.

Nimewauliza baadhi ya wenye makampuni, wakanijibu kuwa ushindani ni mkali, na ukikataa kumfukuza pomboo jirani yako atamfukuza na atachukua mteja. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ndiyo maana jambo hili halifai kuachiwa kampuni moja moja. Chama cha Ecotourism Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1996, kilianza mwaka 2002 kuzipa hoteli na kambi daraja za shaba, fedha na dhahabu kwa kadiri zinavyotunza mazingira na wenyeji. Mgeni akipata kujua ni boti ipi iliyo safi kama anavyojua hoteli ipi iliyo safi, ushindani huo huo utaanza kuvuta upande wa heri. Na wenye boti wa gati moja wakikubaliana kwa sauti moja, nani atapeleka wageni wake wapi?

Tusisahau pia mwaka 2020. Ndege zilipozuiwa kwa sababu ya korona, mahoteli yalifungwa na magati yakawa kimya. Aliyekuwa na wavu na ngalawa alirudi kwenye wavu wake. Aliyekwisha kuuza vyote akawa mpakia wageni tu, alitazama bahari tupu. Kampuni njema haiwi chungu pekee jikoni mwa kijiji. Humwacha mvuvi awe mvuvi na mkulima awe mkulima, utalii ukaja kuwa kitoweo, kama ule msemo ulivyokusudia.

Yule mzee niliagana naye wavu ukiwa magotini. Sikuwa na la kumpa ila ahadi kwamba nitaliandika neno lake, na leo nimeitimiza. Enyi mabwana na mabibi mnaoleta wageni, mrudishieni chombo. Na kwa kuwa sisi watu wa pwani hatujui kuagana pasipo beti, nawaachia hili:

Mgeni hana lawama, pa kwenda hapafahamu,
Wa kumuonya mapema, ni wewe unohudumu,
Ukimfunza heshima, bahari itatudumu,
Dhamana ni ya mleta, mgeni hana hukumu.