"Carpetbagger": huyu jamaa wa begi la zulia ni nani?

Wadau, juzi nilikuwa nasoma habari za uchaguzi wa Marekani nikakwama kwenye neno moja, "carpetbagger". "Carpet" nalijua, ni zulia. "Bag" ni begi. Sasa mtu wa begi la zulia ndiyo nani? Fundi? Machinga? Ikabidi nichimbe.

Kumbe ni tusi, tena lina historia nzito. Karne ya 19 Wamarekani walishona mabegi ya safari kwa vipande vya mazulia, yakawa bei poa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha mwaka 1865 na utumwa kufutwa, watu wa Kaskazini wakaanza kwenda Kusini. Wazungu wa Kusini, walioshindwa vita, wakawapachika jina hilo. Maana yake: huyu si wa hapa, mali yake yote imo kwenye begi, kaja kuchuma na kuondoka.

Ni kweli wachumaji walikuwemo. Ila wengine walikuwa walimu waliokuja kufundisha watu waliotoka utumwani, na wanasiasa waliosimama na weusi walipopata haki ya kupiga kura. Wote wakatiwa kapu moja. Kufikia 1877 serikali zao zote zilikuwa zimeangushwa, na baadaye weusi wengi wa Kusini wakanyimwa kura hadi miaka ya 1960. Tusi hilo lilifanya kazi yake.

Leo linamaanisha mgombea wa kuja. Robert Kennedy mwaka 1964 na Hillary Clinton mwaka 2000 waliitwa hivyo walipogombea useneta New York. Wote walishinda! Uingereza nako, miaka ya 1990, waliitwa hivyo watu waliofungua akaunti kwenye vyama vya mikopo ya nyumba ili tu wapate mgao vikigeuzwa kuwa benki.

Sisi tunalo "mamluki", si ndiyo? Tangu shuleni, mchezaji wa kukodi ni mamluki. Nalo asili yake ni Kiarabu: mtu anayemilikiwa, askari mtumwa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anaitwa wa kuja, usikimbilie kumzomea. Uliza kaja kufanya nini. Halafu muulize na anayepiga kelele: wewe unaogopa kupoteza nini?